Siku Niliyopeleka Mbuzi Kuchanjwa

Mjukuu wangu Zuhura,

Sisi hapa Pangani tu wazima. Babu yako kikohozi kimemwachia. Umeniuliza kwa nini wanakijiji hawaelewi matangazo yako, wewe mtendaji wao mpya. Hata mimi nilichanganyikiwa, mama yako akiwa mchanga. Mpiga mbiu alipita akisema, "Kesho chanjo!" Nikapeleka mbuzi. Kufika, nakuta kina mama wamebeba watoto.

"Mbuzi wa nini, dada?" muuguzi akauliza.

Nikakimbia nyumbani kumchukua mtoto. Jirani yangu Mwanaidi akasimama mbele ya gari lao lisiondoke mpaka nirudi. Mama yako akachanjwa.

Mpiga mbiu akashangaa: "Si nilisema chanjo?"

Alisema kweli, nami nilisikia vizuri. Basi ukishatangaza, mjukuu wangu, waulize wamesikia nini.

Bibi yako akuombeaye,
Mwanahawa