Kubeba Mawe, Kwao na Kwetu

Jumanne. Joto tangu asubuhi, na mawingu yamejazana upande wa ziwa bila kunyesha. Nimevua buti, nimeoga, nimekaa kitandani. Bado najisikia mchafu.

Leo kampuni yetu ya ulinzi ilituletea mkufunzi mpya. Ni Mnepali, mfupi, mwanajeshi mstaafu mwenye sauti ya upole. Aliongea Kiingereza, msimamizi wetu akawa anatafsiri. Kwanza aliuliza nani kati yetu walinzi wa mgodi amepitia mafunzo ya kijeshi. Nilisimama peke yangu, mguu sawa, bila kuamriwa. Mwili haujasahau.

Akatusimulia ya kwao. Kijana akitaka kuwa askari, anapandishwa mlima mbio na kikapu cha mawe mgongoni, mkanda wake umepita kwenye paji la uso. Wanaoshindwa wanarudi kulima. Anayefaulu ameukata: mshahara, na uzeeni pensheni. Akasema aliwahi kuishi Singapore pia, na huko kila kijana wa kiume anaitwa kwa sheria, mtoto wa tajiri kwa wa maskini, wote wananyolewa kipara.

"Afande anayekufokea ni yule yule dunia nzima," alisema. "Amebadilisha lugha tu."

Walinzi walicheka. Hata mimi nilicheka, maana ni kweli. Nilikumbuka kambi yetu ya jeshi: mchakamchaka kabla ya jua, kwata mpaka unyayo unawaka moto, maharage yenye wadudu, na shamba la mahindi lisilo na mwisho. Tulijitolea miaka miwili. Nililia wiki ya kwanza, kisha nikaacha, na baadaye nikapapenda. Hilo ndilo linaloniuma. Nilipapenda.

Siku ya kufunga mafunzo, mgeni rasmi alitupongeza kwa uzalendo, halafu akatuambia twende tukajiajiri.

Tukarudi nyumbani na kombati zetu.

Saa nne hivi msimamizi alituita. Akina mama walikuwa wameingia tena kwenye magwangala, yale mawe ya mabaki ambayo mgodi unayatupa, na wao huyaponda kutafuta punje za dhahabu zilizosalia. Akamwambia mkufunzi kwamba mimi niongoze, kwa kuwa nina mafunzo. Nikaenda na wenzangu wanne. Wanawake walipotuona walikimbia, isipokuwa mmoja aliyekuwa anahangaika kuutua mfuko wa mawe kichwani.

Alikuwa Mbuke.

Mbuke wa Songwa, tuliyelala naye kitanda cha ghorofa kambini, yeye juu mimi chini. Homa iliponishika katikati ya matembezi ya usiku, ni yeye aliyebeba begi langu juu ya lake mpaka tukafika, na hakumwambia afande. Kwa shabaha alitupita wote, hata wavulana. Leo amekonda, vumbi mpaka kwenye kope.

"Mwangaluka, afande," alinisalimu Kisukuma, kama tulivyokuwa tunasalimiana kwa siri bwenini.

"Mbuke, uko huku tangu lini?"

"Tangu mume aondoke, akaniachia watoto. Fanya kazi yako, Kabula. Wenzako wanakuangalia."

Kweli walikuwa wananiangalia. Msimamizi alikuwa amesimama juu ya kifusi na yule mkufunzi kando yake.

Niliuchukua mfuko wake, nikaugeuza. Mawe yakamwagika miguuni pake. Hakunitukana. Aliukung'uta mfuko, akaukunja vizuri kama tulivyofundishwa kukunja blanketi, akauweka kwapani.

"Msalimie mama yako Kahama," alisema, kisha akashuka kuelekea barabarani. Bado anatembea kifua mbele.

Kwao, ukibeba mawe ndipo unaingia jeshini. Kwetu tumetoka huko ndipo tunayabeba.

Msimamizi alinipiga begani. "Umeona? Mafunzo hayapotei bure." Baadaye mkufunzi, kupitia msimamizi huyo huyo, aliniuliza kama namfahamu yule mama. Nikajibu simfahamu. Sijui kwa nini. Labda niliogopa kupangiwa lindo jingine, labda nilimwonea haya mgeni kuona nchi yangu inavyowatumia watu wake kisha inawasahau. Hapana. Niliogopa kufukuzwa kazi, basi.

Jioni mama amepiga simu kuuliza nimeshindaje. Nimemwambia salama. Salamu za Mbuke sikuzifikisha, maana angeuliza tumekutana wapi.

Kesho naingia zamu alfajiri. Mbuke naye atarudi, namjua, na watoto wake hawawezi kula aibu yangu. Atapandisha kifusi na mfuko wake, na msimamizi ataniita mimi.

Sasa, Kabula, utasimama upande gani?