Mama wa Kwenye Sofa

Jumatatu, 1 Julai 2024

Upepo. Vidole ganzi, kompyuta naibonyeza kwa kubahatisha. Timoth mwenye duka la video kaleta kazi mpya: vichekesho vya Waingereza, vya zamani kweli. Baba, mama, mama mkwe, sofa moja. Wanagombana kuanzia chai ya asubuhi, na kuna watu wanacheka humohumo ndani, hawaonekani. Timoth anasema watu wamechoka na bunduki. Nitafsiri, sauti zote niweke mimi, kama kawaida. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne. Nisipoelewa najazia. Hakuna mteja aliyewahi kulalamika.

Nimemaliza sehemu ya kwanza. Sikucheka. Nimekula ugali wa jana.

Jumatano, 3 Julai

Timoth kafurahi. Eti vibanda vya video vya mtaani Chanji vinamtaka mama wa kwenye sofa tu, anavyommwagia mumewe maneno. Sijui nayatoa wapi. Anafungua mdomo, nami nasema. "Wewe ni mwanaume au kabati? Hata kabati ukiligonga linaitika." Hilo wamelipenda mno.

Shemeji Isdori kapiga simu. Coleta yuko kwao Chala tangu Mei, tangu tulipomzika Beda, mtoto wetu. Wazee watakaa Jumapili. Niende nikaseme mwenyewe kama bado namtaka mke wangu. Nisipokwenda, watakuwa wamepata jibu.

Nikasema sawa, shem. Basi. Namtaka, na nilishindwa kulisema hata kwenye simu.

Jumapili, 7 Julai

Sikwenda. Nilifika stendi, nimevaa koti la harusi. Basi la Namanyere, linalopita Chala, likajaa, konda akaniuliza kama napanda. Nilimsikia vizuri. Nikakaa kwenye benchi. Basi likaondoka, nikabaki nimekaa pale na mama mmoja anauza karanga.

Nimerudi, nimemenya viazi. Nilitegemea niumie. Hakuna kitu.

Jumanne, 9 Julai

Isdori tena. Nilijua atanisema kwa ajili ya Jumapili — kumbe ana jingine. Chala kuna kibanda cha video karibu na soko. Coleta katoka kununua sabuni, kasikia watu wanacheka, kisha kasikia maneno yake mwenyewe. Lile la kabati. Na lile aliloniambia siku nilipochukua funguo nirudi kazini, matanga hayajaanuliwa, ndugu bado wanalala chini sebuleni: "Nenda tu. Hata ukikaa humu, hatuna mtu." Wanaume wa kibandani wanagongeana mikono kwa raha. Isdori anauliza, nimekosa cha kuuza mpaka namuuza dada yake?

Nimefungua sehemu zote, nimesikiliza na hedifoni. Kweli. Mama yule ni Coleta mtupu. Sauti yangu, maneno yake, tena kwa mpangilio uleule alivyoyasema. Sikukusudia. Mimi kazi yangu ni kuwahi, nimalize kusema kabla wale wasioonekana hawajacheka. Naye baba wa kwenye sofa nimempa nini? "Ndiyo, mke wangu." "Haya, mke wangu." Hakuna zaidi.

Nimeona aibu. Aibu ya kweli, masikio yakawa ya moto. Nikafurahi kuiona, maana tangu Mei sijaona kitu.

Ijumaa, 12 Julai

Coleta kaja dukani! Peke yake, na basi la asubuhi. Timoth kamwamkia, kajifanya ana shughuli nje. Nami nikasema karibu, pole na baridi. Pole na baridi — mke wangu! Hata kumwambia kwamba Jumapili nilifika stendi nimeshindwa.

Hakugomba. Kakonda. Kavuta kiti, kasema niendelee na kazi, anataka kuona inavyofanyika. Nikawasha. Mama mkwe katoka, wamebaki wawili kwenye sofa. Coleta kaichukua maiki mkononi mwangu, taratibu tu.

"Huyu mama namsemea mimi," kasema. "Wewe msemee baba."

Mama wa kwenye sofa kafungua mdomo. Coleta kasema, bila kelele:

"Baba Beda, mtoto tulimzika wawili, au nilimzika peke yangu?"

Kisha kanielekezea maiki.

Nimebonyeza, picha imesimama. Baba yule kaganda, mdomo wazi. Nimemwambia Coleta angoje kidogo, natafuta maneno. Nikaja huku kaunta, nikatoa shajara. Ninayo maneno, nataka kumwambia usirudi Chala, nataka kumwambia siku ile ya funguo nilikuwa naogopa kulia nisije nikashindwa kunyamaza, na yote hayo nayaandika hapa. Ananiona naandika. Hajaiweka maiki chini. Naweka kalamu, naenda kuipokea —