Hita ya Pikapu ya Baba Odilia

Kasulo, Jumapili jioni

Nani mwingine hapa Kasulo amezaa binti wa kufungua injini mwenyewe uani? Mimi niliishia la saba, lakini nimezaa fundi.

Shemeji, ndugu wa marehemu mume wangu, alikuwa ameshapata mnunuzi Biharamulo, akaniambia: "Shemeji, pikapu ya marehemu inakunywa mafuta, na hita haipashi. Injini imekwisha hiyo." Nilikubali, ila moyo ulikataa.

Jana binti yangu Odilia akaiwasha, akasubiri, akashika mipira inayopeleka maji ya moto kwenye hita. Vuguvugu tu. Mshale wa joto nao hautaki kupanda. Akazima, akaacha ipoe kabisa, akafungua panapokaa thamostati, kile kifaa cha kuzuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto.

"Mama, haimo! Nani aliitoa?"

Nilicheka mpaka machozi. "Baba yako, nani mwingine!" Mwaka ule ilipochemka njia ya Kaniha, fundi alimwambia kile kifaa ni cha nchi za baridi, akitupe. Akatupa. Tangu hapo, asubuhi za kwenda misa alikuwa ananifunika magoti kwa koti lake, mwenyewe anatetemeka kwenye usukani, eti hasikii baridi. Mwongo yule.

Leo asubuhi Odilia kaweka mpya; kumbe injini ni nzima, ilikuwa inakunywa mafuta kwa kukosa moto tu. Tumekwenda misa miguu ina joto, na pale nje ya kanisa nimemwambia shemeji mbele ya watu wote: gari haliuzwi.

Wakati wa kurudi nikamwomba mwanangu azime hita kidogo. Nikavuta koti la baba yake nyuma ya kiti, nikajifunika magoti.