Baba, Fundi wa Friji Aliyepiga Picha za Nebula

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya mvua. Nyumba bado haijazoea.

Mchana ulikuwa fundi wa friji. Jioni ulirudi umechoka, ukala, ukajinyoosha kidogo, kisha ukabeba darubini yako hadi uani. Mtaa mzima ulikuita Bwana Mawingu, maana ulikesha ukiyalaani mawingu ya mvua ili upige picha nebula, yale mawingu ya huko kwenye nyota.

Sisi tukichungulia tuliona ukungu wa kijivu tu. "Macho yana haraka," ulituambia. "Kamera ina subira." Picha moja dakika tano, picha mia kwa siku kadhaa, kisha unazipandanisha kwenye kompyuta mpaka ule ukungu unakuwa nebula: wekundu uliokolea, buluu pembeni.

Jirani yetu mshonaji alinung'unika kila ulipomwomba azime taa ya nje. "Fundi, leo nitashona mguu wa suruali kwenye kola!" Lakini alizima. Ulipompelekea picha, aliibandika juu ya cherehani.

Moyo ulipoanza kukusumbua, ulituficha. Tuligundua siku ulipoiacha darubini katikati ya ua, ukaketi chini unahema. Tangu hapo binti yako mkubwa ndiye aliyeibeba. Ulikuwa na nebula moja hujaimaliza. Ulisema imebaki usiku mmoja tu.

Usiku huo ulipofika, anga lilikuwa safi kama kioo kilichofutwa. Ukaomba utolewe nje. Mama akakataa.

"Baridi kali, mume wangu. Kesho."

"Kesho sina uhakika nayo."

Mama alidhani unasema habari za mvua. Akafunga mlango wa uani, akakufunika blanketi. Kweli mvua ikaja, ikanyesha siku tatu mfululizo. Siku ya tatu, alipokuletea chai, ulikuwa umeshakwenda.

Siku hizi Mama anaanika nguo mbele ya nyumba, uani hakanyagi. Mwezi uliopita binti yako mkubwa alijifunza kuzipandanisha zile picha, taratibu, kwa kukosea na kurudia. Nebula imetokea, Baba. Ni nyekundu kama ulivyosema, ila kingo zake zimejaa chengachenga, maana mwanga haukutosha. Mama aliitazama muda mrefu.

"Hapa ndipo nilipomnyima," akasema.

Tulimwambia sivyo, alikuwa anakulinda.

Ametuagiza tuandike neno moja, kwa kuwa yeye akijaribu kulitamka sauti inamkatika. Anasema angejua, angekutoa nje. Angekufunika mablanketi yote ya nyumba, akakaa nawe hadi kuche.

Unakumbukwa na mkeo, binti zako wawili, mdogo wako mwashi, wajukuu zako, na jirani yako mshonaji. Hatutakusahau, Baba, siku zote za maisha yetu.