Tundu la Bushi ya Nyuma

Jumapili, 2 Juni

Mama anaolewa Jumamosi. Na miaka yake sitini na tatu! Leo mezani, huku anamenya chungwa, katangaza kwamba hapandi gari la kukodi. Anataka lilelile alilokuwa akikimbilia nalo kuzalisha watu enzi za ukunga wake. Limelala uani miaka tisa.

"Si wewe na Fundi mnalitengeneza? Basi limalizeni."

Mimi riziki yangu ni kutengeneza cherehani. Injini najifunza mwezi wa tatu huu, kwa Fundi Subiri — jina kapewa kwa sababu kila swali hulijibu hivyo. Siku sita! Na injini iko juu ya meza, tumbo wazi.

Bwana harusi, mkereza vyuma, alicheka tu. Sijui nimwite nani. Kwa sasa ni "yule bwana".

Jumatatu, 3 Juni

Somo la kemshafti. Ni mhimili wenye vinundu. Ukizunguka, vinundu vinafungua valvu, vilango vya hewa na moshi. Umelalia bushi tatu, yaani pete za madini laini: mbele, kati, nyuma. Cherehani naidondoshea oili mwenyewe, tone tone. Injini hujipaka! Pampu inanyonya oili huko chini, inaisukuma kwenye vijia vilivyotobolewa ndani ya chuma, mpaka kwenye kila bushi. Bushi nayo ina tundu. Tundu likitazamana na kijia, oili inaingia, shafti inateleza juu ya utando mwembamba kuliko karatasi. Lisipotazamana — chuma kwa chuma, kwisha habari. Hii yetu ilikufa hivyo: masizi yaliziba vijia.

Fundi amevisafisha, kapigilia bushi mpya zote tatu. Mikono ile! Nyundo inaongea, yeye anaitikia.

Jumanne, 4 Juni

Kabla ya kuingiza shafti nilichukua waya nikaupitisha kwenye matundu. Udadisi tu. Mbele, ukapita. Kati, ukapita. Nyuma — ukagota: tundu halitazamani na kijia.

Nitamsahihishaje aliyenifundisha kushika spana? Lakini nikinyamaza, injini itanguruma vizuri siku ya harusi, kisha itajila yenyewe pole pole. Nikasema.

"Subiri." Akachukua waya. Akajaribu mara tatu. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akajaribu tena. Halafu akacheka mpaka akashika meza! Miaka arobaini, anasema, anawafokea watu juu ya tundu hilihili.

Kuing'oa ile bushi, ikapinda. Dukani wanasema seti nyingine ni wiki tatu. Lo!

Jumatano, 5 Juni

Nimekwenda kwa yule bwana, bushi iliyopinda nimeifunga kwenye leso. Sikuwahi kukanyaga karakana yake. Hakuuliza mengi. Alikuja kwetu akapima kitako cha bushi, akapima shafti, akarudi kwenye mashine yake, akafunga kipande cha shaba.

Akawa anakereza na kuongea. Kumbe anaiogopa Jumamosi! "Mama yako hapendi kusubirishwa. Mimi hata chai nainywa robo saa." Nilicheka. Yeye pia.

Ikabaki kutoboa tundu. Akanipa drili. "Wewe ndiye uliyeliona kosa." Nikatoboa. Nimerudi nyumbani na vumbi la shaba kwenye nywele, nang'aa kama bibi harusi ni mimi.

Alhamisi, 6 Juni

Imeingia! Waya umepita mpaka mwisho!

Tukafunga shafti, yule bwana akaizungusha pampu kwa drili kabla ya kufunika, tuone kwa macho. Mbele: oili. Kati: oili. Nyuma… nyuma… kimya… nikaropoka, "Baba, ongeza kidogo!" — na oili ikachomoza, nono, ya rangi ya asali.

Baba. Limenitoka lenyewe. Yeye kainamia drili, masikio mekundu. Fundi anauliza nani analia. Nikasema vumbi.

Ijumaa, 7 Juni

Binamu wanne, mnyororo mmoja, kelele za watu mia. Injini imo garini. Saa kumi na moja jioni Mama kawasha mwenyewe. Taa ya oili iliwaka… ikazimika, maana yake oili inafika! Tumekumbatiana wote na magrisi yetu. Sina nguvu ya kuandika.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika kiti cha nyuma, daftari linaruka. Mama kakataa dereva! Gauni kalikunja magotini, viatu vyake ninavyo mimi, anaendesha peku. Fundi mbele, tai imembana, sikio kalitegesha kwenye injini. Hamna mgongano. Hamna mluzi. Laini kama cherehani mpya.

Ukumbi ule pale. Baba yuko getini, suti ya kijivu, anapunga mikono yote miwili. Wageni wanapiga vigelegele. Mama kapiga honi —

Hakukata kona! Kapita!

"Mzunguko mmoja tu, mwanangu. Isikilize injini inavyopumua!"

Nageuka. Baba katoka getini mbio, koti linapepea, anacheka, anatufuata katikati ya barabara. Mama kamwona kwenye kioo. Anapunguza mwendo — hapana, anapandisha gia —