Mgonjwa Aulizwe Kwanza

Mwanza, 14 Julai 2024

Mdogo wangu Naushad,

Assalaam aleikum. Ni miaka hamsini na miwili sasa tangu tuondoke Mirongo, mtaa wetu hapa Mwanza, nami nilikuja kutembea tu. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Leicester, na presha yako imetulia. Nimeandika kwa Kiswahili ili wanao wasiisome kabla yako.

Hospitali hii mpya ya serikali ungeiona ungeshangaa. Mlangoni hakuna ngazi. Njia inapanda taratibu na kiti cha magurudumu kinapita. Ukutani kuna vyuma vya kushikilia hadi msalani, na madirisha yako chini, hata aliyelala analiona ziwa.

Lakini wiki iliyopita sikulitazama ziwa. Kidonda cha kisukari mguuni kilianza kunuka, na watu wakawa wananong'ona mlangoni. Najua wewe na binti yako Alia, niliyesafiri naye, mlipanga kwa simu niambiwe nakwenda kusafishwa kidonda tu, nikizinduka mambo yawe yamekwisha. Sikulaumu. Kwetu mgonjwa haambiwi. Huambiwa ndugu zake.

Muuguzi wa zamu, Sabina, alikataa. Alia alimsihi kwa Kiingereza, akasema baba mkubwa ana moyo dhaifu. Sabina akamjibu kwamba hapa mgonjwa mwenye akili zake huulizwa kwanza, na kwamba mguu ule si mali ya ukoo. Binti yako akapandisha sauti. Wodi nzima ikageuka kututazama. Sabina akavuta kiti, akakaa macho yake yakawa sawa na yangu, akaniamkia shikamoo. Ndipo akaniuliza kama nataka kujua yote, na nani awepo. Nikasema yote, na Alia abaki. Akaniambia mguu umeoza. Usingekatwa chini ya goti siku ile, kesho yake ingekuwa pajani, au nisingekuwepo.

Nikasema hapana. Alia akalia, akasema hicho ndicho alichokuwa anakiogopa. Daktari alikuja mara mbili, na mara zote mbili nikageukia ukutani. Hakuna aliyenilazimisha, na hilo ndilo lilinitisha zaidi, maana nilijua wangeniacha nife nikitaka.

Mchana akaja Luhende, yule tuliyesoma naye, sasa fundi seremala Igoma. Alileta uji. Akaniuliza tangu lini Mhindi aliyeikimbia nchi kwa miguu miwili akaogopa kukaa kwa mmoja. Nikacheka huku machozi yananitoka. Akasema ninywe uji. Muuguzi aliyekuwa akipita akasema nisinywe kama nakubali kukatwa, maana dawa ya usingizi hutaka tumbo tupu. Nikamrudishia kikombe, nikamwita Sabina, nikatia sahihi yangu mwenyewe.

Walinikata jioni ile. Alia alipokwambia kwenye simu kwamba kidonda kinakauka, ni mimi niliyemwomba aseme hivyo. Nilitaka usikie kwangu. Ndiyo maana amekuletea barua hii, na ndiyo maana umemwona uwanja wa ndege peke yake. Usimgombeze.

Chumba changu kwako kiko juu ghorofani, na choo kiko huko huko. Ningebebwa kila siku kama gunia. Luhende amekuja na futi yake ya kupimia, amepima milango ya hapa, na sasa anapanua ya chumba cha uani kwake, nitakakokaa. Jana nilijisukuma mwenyewe hadi msalani, nikaingia, nikafunga mlango. Sikumwita mtu.

Wabusu wajukuu. Makoti yangu wape wenye baridi, na tiketi yangu uifute. Sitarudi Leicester.

Kaka yako,
Liaqat