Meza ya Nchi Tatu

3 Februari

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, ila mgongo unanikumbusha umri wangu. Nyie huko ng'ambo ya mto hamjambo? Mjukuu wangu ameshaota meno?

Nina habari. Nchi zetu tatu zinazungumza ziungane ziwe shirikisho moja, na kazi ya kutengeneza meza ya mkutano nimepewa mimi. Wakikubaliana, daraja la mpakani litafunguliwa, nami nitampakata huyo mtoto kabla hajajua kunikimbia. Naipiga randa kwa moyo wote.

Baba yako, Fundi

20 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Meno ni mawili, na anang'ata kila kitu.

Usijipe matumaini sana, baba. Huku watu hawataki. Sisi ndio wadogo, wanasema, tutamezwa mchana kweupe. Hata mume wangu, na upole wake wote, juzi alifoka. Mjumbe wetu amesema anakuja huko kwa heshima tu. Nimelia, sikufichi.

Mwanao

9 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Futa machozi, ucheke kidogo. Nimepata aibu ya mwaka. Meza imekwisha, inang'aa, na haipiti mlangoni! Nilipima kila kitu isipokuwa mlango wa karakana yangu mwenyewe. Ndiyo, kama lile kabati la marehemu mama yako lililozeekea sebuleni.

Nimeikata vipande vitatu, roho ikiniuma, nikaenda kuviunga kwa boliti ukumbini. Mjumbe wenu akaja kuchungulia uvunguni, na suti yake. Akaniuliza, "Fundi, je, nikitaka kuondoka na kipande changu?"

"Spana hii hapa, mheshimiwa. Kila kipande kina miguu yake."

Akaniomba ile spana, akaiweka mbele yake mkutano mzima. Hajairudisha mpaka leo.

Baba yako

28 Machi

Baba,

Shikamoo. Mgongo vipi?

Mjumbe wetu amerudi, akatusomea masharti redioni. Kila nchi iwe jimbo, libaki na bunge lake na ardhi yake, na likitaka kutoka, litoke kwa kura ya watu wake. Eti alianza kukaa kwa raha alipojua anaweza kuondoka. Jumapili tunapiga kura. Mume wangu haniambii atachagua nini, ila amepaka rangi chumba cha wageni.

Mwanao

19 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mbona kimya? Tumekubali! Ni shirikisho moja sasa, watu wamecheza barabarani mpaka viatu vikakatika. Daraja linafunguliwa Jumamosi. Nimekuandikia mara mbili hujibu. Unaumwa? Usinifiche, baba. Naogopa kufurahi peke yangu.

Mwanao

Jumamosi

Mwanangu,

Nisamehe kwa ukimya. Nilikuwa natengeneza kitanda cha mtoto, na safari hii nimekifunga kwa boliti tangu mwanzo, maana mlango wenu siujui. Mjumbe wenu amenirudishia spana yangu.

Barua hii haina stempu, na hali yenu leo siulizi. Inua macho, unipokee mzigo.

Baba yako